Pilau Chini, Wageni Juu

Aibu yangu haina tena pa kujificha, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Makame, maana Makame akiisimulia huongeza chumvi mpaka mimi mwenyewe namwonea huruma huyo mzee anayesemwa. Mkipita barazani Kikwajuni siku ninayokwenda mjini mkasikia mtu mzima anaamkiwa "Shikamoo, Marehemu," naye anaitikia "Marahaba" bila ya kugomba, basi huyo ni mimi. Nimeshazoea. (Sijazoea, ila nimechoka kununa.)

Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo, au nilikuwa, mpaka nikastaafu. Maisha yangu yote nimewachorea watu nyumba za kila namna, zenye roshani, zenye nguzo, nyingine mbaya mpaka nikipita mbele yake hutazama upande wa pili, na muda wote huo mwenyewe nilikuwa nikiishi fleti ya juu kabisa Kikwajuni, chini ya zege linalopigwa na jua tangu asubuhi, na ikifika adhuhuri zege lile linakushushia joto kichwani kama lina kinyongo na wewe. Mke wangu Zuwena, Mungu amrehemu, alikuwa akikunja mkeka akalala sakafuni hivi hivi, shavu kwenye saruji, akinambia, "Khamis, umewajengea watu wote. Mimi utanijengea lini pahala pa baridi?"

Nami nikimjibu "Inshaallah," na nyote mnaijua "inshaallah" ya mume.

Tulikuwa na kiwanja Mangapwani, urithi wake yeye, na kusema kiwanja ni kukisifu tu kwani lilikuwa shimo. Watu walikuwa wakichimba mawe pale, wakakata na miti yote wakachomea chokaa, walipomaliza wakaondoka wakaacha jabali jeupe linalowaka jua na tanuri bovu pembeni. Zuwena alizaliwa karibu na hapo na akiijua miti iliyokuwapo mmoja mmoja, mdaa na mfuu na mtonga na mkunazi, na kila tukienda alikuwa akisimama ukingoni mwa shimo akinionesha kwa kidole, hapa tulikuwa tukiokota fuu, pale tulikuwa tukijificha mvua, na mimi nikitazama nikiona mawe tu. Siku moja akasema jambo ambalo mimi mwenye kazi yangu sikuwa nimeliwaza, kwamba kwa nini tuhangaike kulifukia shimo ndipo tujenge juu yake, si bora tukae humo humo ndani, tulitie paa, juu ya paa turejeshe udongo, na juu ya udongo turejeshe msitu.

Basi nikaichora. Jioni nyingi tulizimaliza juu ya meza ya kulia, mimi na penseli, yeye na kikombe chake cha chai, na ilikuwa ramani nzuri kuliko zote nilizopata kuchora: kuta tatu ni jabali lenyewe, mbele kumeachwa ua mdogo wa shimoni unaoingiza mwanga na upepo wa baharini, maji ya mvua yanachujwa na udongo wa juu yanateremka kwenye birika, taa ni za umeme wa jua, na katikati ya ukumbi linapanda bomba pana la hewa mpaka nje kule juu, joto lipande litoke na baridi ibaki. Feni hakuna, kiyoyozi hakuna. Zuwena akaongeza jambo moja tu. "Pale linapotokea bomba," akasema, "nipandie asumini, upepo ukigeuka uniletee harufu chini." Nikachora na asumini.

Hakuwahi kuiona. Aliugua, akafariki, ramani ikabaki mezani. Wanaume wengine wakifiwa hulia, wengine huoa, mimi nikaenda kujenga. Nilijenga, nikarejesha udongo, masika yalipoingia nikapanda miti yake yote, na ilipokamata ukawa ukisimama barabarani huoni nyumba, unaona kichaka tu. Ndege walirudi. Kima walirudi. Nikahamia, nikajiona hodari hasa, kwani Unguja nzima ni nani mwingine aliyejenga nyumba isiyoonekana?

Mtu mmoja tu hakufurahi, naye ni binti yangu Salma, mtoto wetu wa pekee, aliyeolewa Dar es Salaam. Kila akipiga simu ni hilo kwa hilo. "Baba, mtu aliyefiwa hakai peke yake porini, tena chini ya ardhi. Njoo ukae kwetu, chumba kipo." Nami namjibu kuwa sipo peke yangu hata kidogo, watu wanakuja kila siku, wengine nawafukuza. (Waliokuwa wakija ni kima.) Tukavutana, tukavutana, mwisho tukakubaliana hivi: nitafanya dua ya kuingilia nyumba, yeye atavuka aje, akikuta watu wamekuja na wanajua nilipo ataniacha nikae na hatolitaja tena jambo hilo, wasipokuja, nitafunga mlango na boti ya asubuhi naondoka naye.

"Wewe tafuta pa kukaa mapema," nikamwambia, "maana ukumbi utajaa."

Nilisema hivyo bila ya kuwa na hakika, kwa sababu tangu Zuwena afariki mimi sikuwa nikienda kwa mtu. Nikialikwa arusi, mgongo unaniuma. Nikialikwa khitma, nina mafua. Nilikuwa sitaki kukaa baina ya watu halafu nirudi nyumbani nisiwe na wa kumsimulia nani kavaa nini na nani kanuna. Sasa mtu wa namna hiyo akialika yeye, atakuja nani?

Hata hivyo nikapita mlango kwa mlango, maana kwetu mtu hualikwa kwa mdomo, mwenye shughuli mwenyewe anafunga safari. Nikenda kwa Maalim Juma, aliyewasomesha watoto wa mtaa mzima Kurani, akakubali kuja kuongoza dua. Nikenda kwa shemeji yangu Bi Rukia, mdogo wake Zuwena, akasema atakuja na wanawake wenziwe na sinia la halua. Nikenda na kwa Makame, Mtumbatu, mwenzangu wa bao, jirani yetu wa ukuta mmoja kule fleti tangu Salma hajazaliwa.

"Nitawakusanya watu, tutakodi gari," Makame akasema. "Sasa hiyo nyumba tutaijuaje?"

"Mkifika penye tanuri bovu la chokaa ingieni kushoto. Mtaiona tu."

"Ina rangi gani?"

"Mtaiona tu, Makame."

"Ukinificha n'takwenda kula pilau ya mtu mwengine, shauri yako. Utakuwepo barabarani kutupokea?"

"Nitakuwepo," nikasema, na kweli nilikusudia kuwepo, kwani mwenye shughuli husimama nje akapokea wageni wake, hata mtoto analijua hilo.

Hapo ndipo nilipojichongea. Ilipofika Ijumaa ya dua yenyewe, nimeshasali Alasiri, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake, niko mlangoni kutoka, nikapata wazo. Nikasema, nikisimama barabarani nitawaongoza kama watalii, wataiona nyumba kidogo kidogo, raha yake itakwisha njiani. Nikibaki ndani wataitafuta wenyewe, wataipata ghafla, watateremka ngazi waingie ukumbini na mimi nitaziona nyuso zao. Nilitamani sana kuziona nyuso zile. Nilikuwa nimeijenga nyumba hiyo kwa ajili ya uso mmoja ambao sikuuona, nikaona angalau nione huo wa Makame. Nikarudi ndani nikakaa.

Mabwasi yalikuwa tayari, yaani masufuria mawili makubwa ya pilau, wapishi waliyaleta mchana wakenda zao. Mikeka nimetandika, juu ya mikeka mashuka meupe, tende kwenye visahani, na chetezo cha ubani na udi nimekiweka chini kabisa ya bomba la hewa, moshi upande utoke, usiwakere watu macho. (Mhandisi mimi.) Kanzu nikaivua nikaitundika isije ikakunjika kabla ya wageni, nikabaki na fulana na kikoi. Nikasubiri.

Nikasubiri tena. Simu ndani ya jabali haishiki mtandao, imekaa mkononi kama kipande cha sabuni. Nilitoka uani mara moja nikatazama juu, lakini ua ule unaelekea baharini, ukiwa humo huoni barabara, unaona mbingu. Ningeweza kupanda. Ni ngazi chache tu. Lakini nilianza kuogopa, kwani nikipanda nikaikuta barabara tupu nitakuwa nimejua, na ndani humu nilikuwa bado sijajua. Pilau ikaanza kupoa. Nyumba ile ina baridi, nimeijenga iwe na baridi, nikashikwa na baridi kweli, nikang'oa shuka moja jeupe mkekani nikajifunika na kujilaza pale chini ya bomba, karibu na makaa ya chetezo.

Niwaambie sasa kilichokuwa kikitokea juu, ambacho mimi sikukijua mpaka Makame aliponieleza. Wageni walifika zamani. Walikuja wengi, gari zima, wanaume na kofia zao na wanawake na mabuibui yao, na Salma akiwa pamoja nao kwani alishuka botini akapitia kwa khaloo yake Bi Rukia. Waliingia kushoto penye tanuri, wakateremka garini, wakatafuta nyumba. Wakenda chini, wakarudi juu. Hakuna mtu barabarani wa kuwapokea. Hakuna ukuta, hakuna bati, hakuna mlango wa kupiga hodi. Makame anaapa kiwanja ni hiki hiki, wenziwe wanamwuliza kama kaota. Mwisho walichoka, na Bi Rukia akanusa asumini, akasema hapa pana kivuli na harufu nzuri, tupumzike hapa. Wakakaa kwenye majani, wote, juu ya paa langu, kukizunguka kile kichaka cha asumini.

Na katikati ya asumini ile ukaanza kutoka moshi wa udi.

Nyinyi mnajua kwetu husemwa nini juu ya asumini na udi na mahala palipo karibu na mapango, kwamba hapo ni kwao mashetani. Makame anasema waliangaliana, hakuna aliyeinuka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Maalim Juma akaanza kusoma chini chini. Na mimi kule chini, nimejifunika shuka, nimekata tamaa, nikaanza kusema na mke wangu, kama nilivyozoea kila siku.

"Zuwena," nikasema, "hawaji hawa."

Sauti yangu ilikuwa nzuri mle ukumbini, nzito, inazunguka, nikapata raha kidogo kuisikia. Nikaendelea.

"Na wasije. Makame mwenyewe mwizi wa bao, nikigeuza uso tu kete zake zimezaana, nami najua na simwambii, maana nikimwambia hatokuja tena kucheza. Maalim bora abaki huko huko, dua yake ndefu mpaka wali unalala. Rukia naye angekuja na ile halua yake iliyoungua, akasema ndivyo inavyotakiwa."

(Juu, anasema Makame, hapo ndipo walipoijua sauti. Na kwa kuwa hapakuwa na nyumba, pana tuta la majani tu, na sauti ya Khamis inatoka ardhini na moshi wa ubani, jamaa mmoja akauliza kwa upole, "Kwani Khamis keshafariki? Mbona hatukuambiwa?")

Ningekomea hapo, aibu ingekuwa ya kuchekwa tu. Sikukomea. Mtu akilala chali peke yake maneno yanamtoka.

"Mimi silali, Zuwena," nikasema. "Kule Kikwajuni nilikuwa nikimsikia Makame akikohoa nyuma ya ukuta, najua kuna mtu. Hapa ukuta ni jabali, haukohoi. Napika wali wa watu wawili, mkono haukubali kupunguza. Salma nimemdanganya, hakuna anayekuja hapa. Nikimwambia kweli atanichukua, na nikenda nani atakumwagilia asumini yako? Nikikaa, naogopa. Uliniomba pahala pa baridi nimekujengea, na baridi yote nimeipata mimi. Upweke umenishinda, Zuwena. Mimi hii nyumba siiwezi."

Kisha nikalia, na sitoeleza kilio kile kilikuwaje, Makame ameshakieleza vya kutosha.

Nilipotulia ndipo nikasikia Yasin. Inatoka juu, sauti za wanaume wengi pamoja, inateremka kwenye bomba na harufu ya asumini. Jamaa walikuwa wamekwisha amua kuwa kama nimekufa bila ya wao kujua, basi wasiondoke bila ya kunisomea. Mimi nimelala chini ya ardhi, nimefunikwa shuka jeupe, nanusa udi na ubani, nasomewa Yasin. Wallahi nilijigusa mguu. Nikakumbuka tulivyofundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, kwamba maiti akishazikwa husikia vishindo vya miguu ya waliomzika wakiondoka. Nikatega sikio. Nikasikia vishindo. (Ni wanawake, walishindwa kuvumilia, wakaanza kurudi garini.) Vinapita juu ya kichwa changu, du, du, du, vinakwenda mbali.

Sikufikiri nyumba, sikumfikiri Salma wala boti. Nilifikiri kitu kimoja tu, kwamba wanaondoka. Nikaruka na shuka langu. Kupitia mlango wa mbele ni mpaka nizunguke uani, nitawakosa, lakini pembeni ya bomba niliweka ngazi ya chuma ya kupandia kusafisha njia za maji, na juu yake kifuniko nilichokipanda majani ili kisionekane. Nikapanda mbio, nikakisukuma kifuniko kwa kichwa, udongo na vumbi la chokaa likanimwagikia usoni, nikatokeza kutoka ardhini mpaka kiunoni, nimejitanda sanda, mweupe mpaka nywele, katikati ya watu wanaonisomea Yasin.

Nikasema, "Msende."

Maalim Juma, mzee wa watu anayetembelea bakora, bakora aliiacha. Kiatu pia alikiacha. Sinia la halua Bi Rukia alilirusha, na halua ikatua kichwani kwa jamaa aliyeuliza kama nimefariki, akadhani ameshikwa. Makame aliruka nyuma akaingia mzima mzima kwenye mkunazi, na mkunazi ule nilioupanda mwenyewe una miba. Dereva wa gari aliwasha akaondoka, akaja kupatikana Bumbwini. Sijapata kuona watu wazima wakikimbia vile wakiwa wamevaa kanzu.

Aliyebaki amesimama ni Salma. Hakukimbia. Alinitazama, machozi yanamtoka, sijui kwa kilio au kwa kicheko, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nusu yangu bado imo ardhini.

Watu wakarudi mmoja mmoja, wa kwanza Maalim kwa kuwa alitaka kiatu chake. Salma akapiga magoti mbele yangu, akanifuta chokaa usoni kwa ncha ya mtandio wake kama anavyofutwa mtoto, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, yale uliyokuwa ukiyasema chini. Ni kweli?"

Hapo ghafla kila mtu akawa na shughuli. Maalim anatafuta kiatu alichokwisha kukivaa. Bi Rukia anaokota halua na kuipuliza majani. Makame anajing'oa miba. Na wote, nasema wote, masikio yapo kwangu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, tena fupi. Lakini nilijiona nilivyo, mzee na fulana na kikoi na shuka, mbele ya watu niliowaita waje waione kazi yangu, na neno lile likanikwama.

"Nilikuwa najaribu bomba," nikasema. "Kutazama kama linapitisha sauti."

"Linapitisha," akajibu Makame kutoka mkunazini.

Wakacheka, jamani, wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka nao, na kwenye kile kicheko lile swali la Salma likazikwa. Wakateremka ndani, wakaona jabali, wakaona birika, wakasema mashaallah, baridi kama hii hata misikitini hakuna. Nyuso nilizozitamani nikaziona. Dua ikaombwa na Maalim (fupi, fupi ajabu) na pilau ikaliwa juu kwenye majani, kwani bila ya kusemezana wote walikuwa wanapenda kula pale penye mwanga.

Salma alilala kwangu. Asubuhi nikamsindikiza bandarini, tukasimama kwenye msururu wa abiria, mkoba wake mimi nimeushika.

"Nilisema wakija nitakuacha," akanambia. "Wamekuja, baba."

"Wamekuja."

"Kwa hiyo unabaki."

"Nabaki."

Hakusogea. Watu wa nyuma yetu wakampita, wawili watatu, yeye bado amesimama ananitazama, na sasa najua alikuwa akinisubiri, alikuwa ananipa nafasi nyingine ya kulisema neno lile. Mimi nikamkabidhi mkoba wake. Nilikuwa nimeshinda, na sijapata kushinda kitu kikaniuma namna ile. Boti ikatoka, nikabaki pale bandarini mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Sasa, sisi watu wa huku tuna stara, na mwenzetu akivuliwa nguo hadharani tunageuza nyuso. Tangu siku ile hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia nilichokisema. Wananicheka kwa shuka, kwa chokaa, wananiita Marehemu, wananiuliza huko kwa wafu kuna habari gani, lakini wali wa watu wawili hakuna anayeutaja. Najua walisikia kila kitu. Dua za Maalim zimefupika. Halua ya Bi Rukia haiungui tena. Makame ameacha kuiba bao, na mchezo umepoteza ladha yote. Na mara moja moja Makame huyo huja Mangapwani, husema amefuata asumini za mkewe, akaninywea chai akakaa mpaka Magharibi, na muda wote huo anakohoa. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema ni vumbi. Nyumbani kwangu hakuna vumbi.

Lakini Mangapwani ni mbali, na gari ni za kubahatisha, na yeye ana mke na wajukuu. Siku nyingi ni mimi na kima.

Nimejifunza, msidhani sikujifunza. Nimeweka jiwe jeupe barabarani lenye jina la Zuwena na mshale, mtu ajue pa kuingilia (Makame alisema sasa ndio limekuwa kaburi kamili, nikalipaka kijani). Sitoalika tena mtu nikamwambia "mtaiona tu," na mgeni wangu akija atanikuta nje nimesimama, hata jua likiwa la namna gani. Na nimeapa kuwa safari nyingine mtu akiniuliza kama ni kweli, nitamjibu ni kweli, mbele ya watu wowote wale, na fulana na kikoi. Bado hajatokea wa kuniuliza. Salma hupiga simu, namwambia sijambo, na yeye ananiambia alhamdulillah.

Lile bomba Bi Rukia alinishauri nilitie kifuniko. Nikamwambia nitatia. Sijatia, na jioni zikifika hukaa pale pale chini yake nikazungumza na Zuwena kama zamani, isipokuwa siku hizi napaza sauti kidogo, kisha nanyamaza, nasikiliza kama kuna anayekohoa.